Sauti ya Baba Orrin

Orrin Delahunt alizeeka mara mia mbili kabla uzee wenyewe haujamfikia. Mara ya kwanza alikuwa na miaka thelathini na minane, nywele nyeusi tititi, meno yote kinywani, ametoka kwenye kundi la maigizo lililovunjika huko Ohio na kufika New Jersey kutafuta kibarua chochote. Watu wa sinema wakayatazama mabega yake yaliyoinama, wakaitazama na pua yake ndefu, wakambandika ndevu za pamba kidevuni, wakamwambia, "Wewe ni babu." Basi akawa babu. Akawa hakimu, akawa bahili, akawa padri, akawa baharia mlevi, akawa baba anayemfukuza bintiye usiku wa theluji, na theluji yenyewe ilikuwa chumvi. Kila wiki walitoa filamu moja, wiki nyingine mbili, za dakika kumi na mbili, na katika zote mzee alikuwa yeye.

Kazi ya kuongoza ilimdondokea tu. Siku moja mwongozaji alikuja amelewa hajiwezi, na jua lilikuwa linakwenda zake. Enzi hizo jua ndilo lililokuwa taa. Orrin, bado na ndevu zake za hakimu, akasimama kando ya kamera akaanza kusema. Hakubweka kama wenzake waliozoea kupigia kelele kwenye vipaza sauti vya bati. Alisema taratibu, kwa sauti ya chini, huku mpiga picha akizungusha mkono wa kamera: umesikia mlango, usigeuke bado, unajua ni nani, ndiyo, ni yeye, sasa geuka. Waigizaji wakageuka. Waliokuwa hawajui kulia wakalia. Tangu siku ile akawa mwongozaji, akahamia California na wenzake jua lilipowaita, na filamu ikihitaji babu, alijipa nafasi hiyo mwenyewe.

Jambo moja lieleweke kuhusu watu wale, la sivyo mtawaona wapumbavu. Sinema ilikuwa bubu. Kamera iliona lakini haikusikia, kwa hiyo mwongozaji alikuwa huru kusema lolote wakati picha inapigwa, na wao walisema lolote. Mmoja angekumbushwa kaka yake aliyezama mtoni. Mwingine angetukaniwa mama yake mpaka mishipa ya shingo isimame. Picha ikikatwa, walishikana mikono wakaenda kula. Palikuwa na mpiga fidla pembeni, kazi yake kuwapigia waigizaji muziki wa huzuni, na mafundi taa kumi na watano, na wote walisikia kila neno. Lakini kuyatoa maneno ya seti, pale mahali pa kupigia picha, nje ya seti kulikuwa aibu kuliko wizi. Maneno yalizikwa pale pale yaliposemwa, na kwa miaka ishirini Orrin hakuona hata moja likifufuka.

Maudie Sorrell alifika kwake akiwa na miaka kumi na mitano, miguu myembamba, anashangaa kama kuku mgeni. Orrin na mkewe Leota hawakujaliwa mtoto, wakampenda. Alipofika kumi na saba akapata mimba ya mwigizaji mmoja ambaye siku ya kuulizwa alikuwa tayari kwenye treni ya kwenda Chicago. Leota ndiye aliyeshika usukani, Orrin akakaa nyuma na binti, wakampeleka San Bernardino kwenye nyumba ya watawa. Mtoto alikuwa wa kike. Maudie akamwita Opal, akamnyonyesha wiki tatu, halafu watu wa kumlea wakaja kumchukua. Mwaka uliofuata Leota akafa kwa homa ile kubwa iliyozoa watu dunia nzima, na siri ikabaki kwa watu wawili.

Ulipopita muda Maudie akapewa tukio la mama anayelia kaburini, na machozi yakagoma. Ni yeye mwenyewe aliyemwomba. Alisogea akamnong'oneza Orrin, "Nipeleke kule." Orrin akampeleka. Kwa sauti yake ile ya chini akampitisha tena kwenye ukumbi wa watawa, akamfungulia mlango, akamwonyesha mtoto. Maudie akalia vile ambavyo watu wa Hollywood walikuwa hawajaona mtu akilia, na kuanzia filamu ile jina lake likaandikwa kwa herufi kubwa. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema. Orrin hakudhani kapoa. Alijua hasa kovu lilipo, na katika miaka minane alilibonyeza mara tisa.

Halafu sinema ikaanza kusema.

Mwaka mmoja tu, na waongozaji aliokula nao chumvi wakawa wanauza nyumba, wanauza magari, mmoja anauza mayai. Orrin alikaa miaka miwili bila kazi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na sasa ndevu zilikuwa zake mwenyewe, lakini studio zilitaka watu wa jukwaani kutoka New York wanaojua kutamka. Ni Maudie aliyeingia ofisini kwa Bwana Haskett, mwenye studio, akasema filamu yake ya kwanza ya kusema hataifanya bila Baba Orrin. Haskett akakuna shingo. Akampa mzee siku kumi na mbili. Zikiisha na filamu imekamilika, Orrin atabaki kazini, zisipotosha, kwaheri. Na Maudie naye alikuwa kwenye mzani huo huo, maana Haskett alikwishamleta msichana wa jukwaani aitwaye Corinne Abbot, akamweka hotelini, tayari.

Siku ya kwanza Orrin aliharibu picha tano.

"Mzee, umeongea tena," alisema Krebs, fundi wa sauti. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na sita hivi, ametolewa kampuni ya simu Chicago, na kwenye seti sasa yeye ndiye aliyekuwa sultani. Alikaa ndani ya kibanda chenye dirisha la kioo na vitu vya kusikilizia masikioni, na akitikisa kichwa, watu arobaini walirudia kazi.

"Nimeongea? Nimesema 'vizuri' tu."

"Basi hiyo 'vizuri' yako sasa iko mdomoni mwa yule polisi. Anamkamata mwizi halafu anamsifu."

Watu wakacheka. Fundi taa mmoja, Dutcher, aliyekuwa na Orrin tangu New Jersey, akadakia juu ya ngazi: "Mfungeni kitambaa mdomoni! Au mleteeni chuchu ya mtoto!"

"Nileteeni kiko," akasema Orrin, akicheka nao, na moyoni hakuwa na kicheko. Akawa anauma kiko kisicho na tumbaku kila kamera ilipowashwa. Siku ya nne ncha ya kiko ikavunjika, akaleta kingine. Alijifunza. Mazoea yana taabu, lakini alijifunza, na siku ya kumi alikuwa anaongoza kwa nyusi tu. Lakini nyusi hazimlizi mtu.

Siku ya kumi na moja ilikuwa zamu ya tukio kubwa. Mama amekaa mezani na baba mkwe wake kipofu. Barua imekuja: mtoto aliyempeleka kulelewa mbali amekufa. Mama anasoma, analia, na mwisho anasema maneno matatu tu, "Nani atamwambia baba'ke?" Kipofu ni Orrin, ameipa kamera mgongo. Katikati ya meza pana chombo cha maua, na ndani ya maua Krebs ameficha maikrofoni.

Milango ya jengo ilikuwa imefungwa na feni zimezimwa ili mashine isisikie kitu. Joto lilikuwa la tanuri. Walipiga mara sita, na mara sita Maudie alisoma ile barua kama anasoma bei ya viazi. Macho makavu. Alijikaza, akajifinya paja chini ya meza, akanusa kitunguu, wapi.

Baada ya chakula cha mchana Haskett akaja mwenyewe, koti mkononi, akasimama nyuma ya taa. Hakufoka, hakuwa mtu wa kufoka.

"Orrin, saa kumi nitakuja tena. Kama tukio hili halijapatikana, kesho Corinne anakaa kwenye kiti hicho. Sitaki ugomvi na mtu."

"Na mimi?" Orrin aliuliza, akajichukia kwa kuuliza.

"Wewe tutaona."

Akaondoka. Maudie alikuwa amesikia yote. Wakakaa mezani tena, wawili, huku Dutcher akirekebisha taa. Jasho lilikuwa likimtoka Maudie chini ya poda. Akainama kama anayepanga maua, akasema bila kufungua midomo sana:

"Nipeleke."

"Binti, hapana. Sasa kuna hiki." Akaonyesha kwa macho chombo cha maua.

"Nong'ona. Umeipa kamera mgongo, nani atajua? Kitakuwa kimlio kidogo tu, wataweka muziki juu yake. Kule studio ya Dabney waliweka."

"Krebs atasikia."

"Krebs ni mtu wa seti." Akamshika mkono juu ya meza. "Baba Orrin. Yule msichana wameshampima gauni langu. Mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Nipeleke, nakuomba."

Hapo ndipo walipokosea wote wawili, na ni kosa ambalo mwashi asingelifanya, wala karani. Miaka ishirini mizima walikuwa wanasema mbele ya mashine kiziwi, na mwilini mwao, kwenye mifupa, waliamini bado ni kiziwi. Walijua maikrofoni ilivyo, walikwishakaripiwa siku kumi. Lakini kujua ni kichwani. Zaidi ya hapo walidhani mnong'ono ni kitu kidogo, kumbe mnong'ono uliosemwa shubiri moja kutoka maikrofoni ni mkubwa kuliko ukelele wa mtu aliye mlangoni.

Kamera ikawashwa. Orrin akatoa kiko mdomoni.

Akampeleka. Akamfungulia mlango mrefu wa mbao ambao watawa waliupaka nta. Akamwonyesha sista aliyembeba mtoto, akamwambia mtoto amevaa kofia ya sufu ya njano ambayo Maudie aliifuma kitandani kwa siku tatu. Alisema jina la mtoto, akalisema tena. Orrin mwenyewe aliona kila kitu, aliona na Leota amesimama dirishani ameuma midomo, na macho yake ya kipofu yakajaa machozi ambayo kamera haikuweza kuyaona. Mbele yake uso wa Maudie ulikuwa unafunguka. Ulianza kwenye pembe za mdomo, ukapanda. Chozi la kwanza likadondoka juu ya barua, kisha halikuwa chozi moja tena. Orrin aliwaza kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona kitu kilicho kweli kama kile. Mwisho Maudie akasema maneno yake, sauti imepasuka mahali panapostahili, na mpiga picha, aliyefungiwa na kamera ndani ya sanduku ili mlio wake usisikike, akasahau kuizima.

Hakuna aliyepiga makofi. Dutcher alivua kofia akaipangusia uso. Bibi wa mavazi akamfunika Maudie kwa shali, akamtoa nje akapate hewa.

Krebs alitoka kibandani polepole. Hakuwa na uso wa kisultani.

"Mzee. Njoo kidogo."

Wakasimama nyuma ya ukuta wa turubai uliochorwa dirisha.

"Nimesikia kila kitu," Krebs alisema. "Yameingia yote. Kuna jina humo. Kuna mji, kuna masista. Mtu akisikia hahitaji kuwa mpelelezi."

"Ulichosikia kwenye seti kinabaki kwenye seti."

"Kwangu kitabaki. Lakini mashine haijui hiyo sheria yenu. Sikiliza. Ukisema chapa, vinachapwa vyote, picha na sauti, na kesho asubuhi viko kwenye chumba cha kuonyeshea, kwa Bwana Haskett. Ukisema tupa, natupa sasa hivi, mbele yako."

"Picha ibaki, sauti itupwe."

"Utaratibu hauko hivyo. Vina namba moja. Kikienda kimoja, kinakwenda na mwenzake."

"Nitampiga picha tena bila mashine yako."

"Mzee wangu, we mwenyewe umemwona. Atarudia lile?"

Orrin akachungulia kando ya turubai. Alijua hatarudia. Kwenye kidimbwi cha mwanga katikati ya seti kiti cha Maudie kilikuwa kitupu. Angeweza kusema tupa. Neno fupi. Lakini ule uso ulikuwa umelala ndani ya sanduku la kamera, futi mia tatu za kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, na mtu aliyekaa miaka miwili nyumbani akiitazama mikono yake hawezi kuzitupa kwa neno fupi. Na alijiambia, maana mtu hakosi la kujiambia, kwamba anamwokolea binti kazi yake.

"Chapa," akasema. "Wanaonyesha saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Nitakuwepo kabla. Nitawaambia wazime sauti, watazame picha kwanza."

Krebs akamtazama, akaandika namba kwenye kijitabu chake, akarudi kibandani.

Asubuhi Orrin akanyoa vizuri, akavaa tai ambayo Leota aliipenda, akapanda treni ya mtaani. Alifika studio saa tatu kasoro robo, mapema, akipiga mluzi. Hakujua kwamba mpiga picha alikwishampigia Haskett simu jana ile ile, kabla ya saa kumi, na kumwambia, "Bwana, subiri uone," na Haskett hakuwa mtu wa kusubiri. Alimwita Maudie saa mbili na nusu aje ajionee mwenyewe, kwa heshima, na maua juu ya kiti.

Ndani ya ukumbi mrefu unaokwenda chumba cha kuonyeshea, Orrin akasikia sauti ya mwanaume nyuma ya mlango. Ilikuwa sauti kavu, nyembamba, inatokea puani, kama karani wa posta anayeita majina ya vifurushi. Akapandwa na hasira. Nani huyo anayepiga soga juu ya tukio langu? Akaongeza hatua. Sauti ikaendelea, shwari kabisa.

"...mlango unafunguka. Sista amembeba. Kidevu kushoto, binti. Kushoto tena. Hapo hapo. Ni Opal huyo, ana wiki tatu, amevaa ile kofia uliyomfumia. Usilifute, liache lifike mdomoni. Vizuri. Sasa wanampokea. Anakutafuta, Maudie, anageuza kichwa anakutafuta. Mkono, mkono unaziba taa. Safi. Gari linaondoka San Bernardino na Opal humwoni tena maisha yako yote. Shikilia. Shikilia. Usipepese. Bado. Sasa, sema."

Na sauti ya Maudie ikasema, "Nani atamwambia baba'ke?"

Mkono wa Orrin ulikuwa kwenye kitasa. Aliyatambua maneno kabla ya kumtambua msemaji. Yale ya mtoto aliyakumbuka, aliyasema, hakika. Lakini yale mengine, ya kidevu, ya mkono, ya usilifute, hakukumbuka kuyasema hata moja. Yalitoka yenyewe. Yalikuwa yakitoka yenyewe kwa miaka yote ile.

Akafungua mlango. "Zimeni sauti!" akapiga kelele. "Zimeni!"

Watu watano wakageuka kwenye viti. Walikwishamjua, maana sauti iliyopiga kelele ilikuwa ile ile, kavu, ya puani. Haskett. Wanaume wawili wa ofisini. Karani wa kike mwenye daftari, ameshika kalamu bila kuandika. Na kiti cha mbele, Maudie, amevaa kofia ya buluu, maua mapajani. Juu ya ukuta uso wake mkubwa ulikuwa bado unalia, mzuri kupita kiasi, kisha mkanda ukaisha, ukuta ukawa mweupe.

Haskett akakohoa. Lazima asemwe kwa haki: alijaribu kumpa njia.

"Maudie, haya ni maneno ya mchezo, siyo? Mzee alitunga kitu cha kukuliza. Kawaida yao hawa wa zamani."

Kila mtu mle ndani alitaka aseme ndiyo. Hata wale wawili wa ofisini walitikisa vichwa kumsaidia. Orrin akaomba kimoyomoyo, sema ndiyo, binti, sema ndiyo.

"Ni kweli," Maudie akasema. "Anaitwa Opal. Ana miaka kumi na miwili sasa."

Akaweka maua kwenye kiti cha jirani, akavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, akatoka. Alimpita Orrin mlangoni bila kumgusa wala kumtazama.

Haskett akawatoa wengine nje, akakaa, akajishika kipaji cha uso.

"Mkataba wake una kifungu cha maadili. Unajua. Kabla ya saa sita mji mzima utakuwa na habari, wale wawili wana wake, na kesho itakuwa gazetini. Siwezi kumtetea. Hata ningetaka."

"Ni kosa langu. Weka muziki juu yake. Hakuna atakayesikia."

"Picha naweza kuiwekea muziki. Watu je, niwaweke nini?" Akamtazama mzee kwa muda. "Orrin, nimekaa kwenye biashara hii tangu sinema ikionyeshwa vibandani kwa senti tano. Sijapata kuona kazi kama hii ya jana. Corinne anaanza kesho. Malizia filamu. Kama unaweza kumtoa yule hata nusu ya hivi, una kazi kwangu mpaka ufe. Siku nne nakuongezea."

Orrin alikusudia kusema hapana. Alikuwa na maneno tayari, mazuri, ya kiungwana, ameyasoma mara nyingi kwenye maandishi ya filamu zake mwenyewe. Angevaa kofia, angeondoka na kumfuata binti. Akafungua mdomo.

"Siku tano," akasema.

"Haya. Tano."

Adhuhuri ile alipanda kilima kwenda kwa Maudie. Njia nzima alitunga la kumwambia. Mlango ulikuwa wazi nusu, na sebuleni masanduku mawili yamefunguliwa, nguo zimetupwa juu ya piano. Maudie akaja mlangoni bila viatu, uso hauna poda. Hakumkaribisha ndani.

"Umefukuzwa?" akauliza.

Orrin akatazama viatu vyake.

"Sawa," Maudie akasema. "Nilijua. Usijali, njaa yako isingenishibisha mimi."

"Binti, nilidhani nitawahi. Nilifika mapema, wallahi nilifika mapema."

"Mimi ndiye niliyekuomba. Sijasahau. Nipeleke, nilisema kwa mdomo wangu, na sikulaumu kwa hilo. Wala kwa kuchapa sikulaumu sana, na mimi ningechapa." Akaegemea fremu ya mlango. Alikuwa amechoka hata kusimama. "Pale ndani Haskett aliponiuliza, ningeweza kukana. Unajua kwa nini sikukana? Sikuwa namsikiliza. Nilikuwa nasikia 'kidevu kushoto'. Miaka yote ile, Baba Orrin. Mimi nilidhani tunakwenda wote wawili. Nilidhani ukisema jina lake na wewe uko kule, umesimama na mimi pale ukumbini, maana hakuna mtu mwingine duniani anayelitaja. Nilikuwa nafanya zile filamu ili nilisikie jina tu."

"Nilikuwepo. Nakuapia. Nililia jana, umeniona."

"Nilikuona."

"Basi?"

"Basi sijui." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono kama mtoto. "Sijui kama kulia kwako ni kulia. Hebu nifanyie kitu kimoja. Liseme. Jina lake tu. Hakuna kamera hapa, hakuna taa, hakuna Krebs. Liseme mara moja kama mtu anayemjua, halafu uende zako."

Orrin akavua kofia. Alimpenda binti huyu, hilo halikuwa uongo, na mtoto yule alimbeba kwa mikono yake, alimkumbuka uzito.

"Opal," akasema.

Maudie akafumba macho. Jua la adhuhuri lilikuwa linaingia kwa dirisha la nyuma, likampiga shavuni kwa upande, na chozi lilipoanza kushuka, Orrin akageuza macho kidogo, kidogo sana, kuona mwanga ule unatoka wapi.

Alipoyarudisha, Maudie alikuwa amefumbua, anamtazama.

"Umeangalia dirisha," akamwambia, na akafunga mlango.